Nahodha Mwenye Sauti Mpya

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanitafuta katika habari hii akidhani nitavuka jangwa kwa miguu au kupigana na fisi. Miaka ile ya sabini na kitu, nilipokuwa karani wa serikali Lodwar, huko Turkana, safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi ofisini na kurudi. Wenzangu waliniita bibi arusi. Walisema nimefungiwa ndani nisionwe mpaka mahari yaishe. Sikuwabishia. Nje kulikuwa na upepo wenye mchanga, na mchanga wa Lodwar haubishi hodi. Unaingia kwenye chai, kwenye taipureta, kwenye meno. Ndani kulikuwa na redio.

Kila Jumapili saa kumi za jioni redio ya taifa ilitoa mchezo wa mfululizo juu ya watu sita waliopotea angani, ndani ya chombo kinachoruka nyota hadi nyota, wakitafuta njia ya kurudi duniani. Mchezo ulianza nikiwa bado sekondari. Nikamaliza kidato cha nne, nikaajiriwa, nikatupwa Lodwar, nao walikuwa bado hawajafika. Nilikuwa nimewazoea kuliko ndugu zangu. Kulikuwa na nahodha, mtu mwenye sauti nzito, ambaye akisema "Tulieni" hata mimi niliyelala chali mkekani nilitulia zaidi. Kulikuwa na daktari mwanamke aliyemjibu nahodha anavyotaka mwenyewe. Kulikuwa pia na kiumbe wa sayari nyingine, ambaye ukisikiliza vizuri ulijua ni mtu ametia kichwa ndani ya debe, lakini tulimheshimu hivyo hivyo. Mawe ya redio yakichoka niliyaanika juu ya bati tangu asubuhi, na jua la Lodwar, ambalo sina jema jingine la kulisemea, liliyapa uhai wa nusu saa. Nusu saa ilitosha. Ndiyo urefu wa mchezo.

Kazi yangu ilikuwa faili, lakini kwa kuwa nilikuwa na cheti na sauti isiyokwaruza nilipewa pia simu ya upepo. Kila siku saa mbili asubuhi niliviita vituo: Kakuma, Kaikor, na vingine ambavyo siku nyingi havikujibu. Aliyemaliza kusema alitamka "Ova", ndipo mwingine akaanza. Kanuni ilibandikwa ukutani juu ya mashine. Ugonjwa na hatari kwanza, kisha mvua, kisha chakula, kisha mengineyo. Mchezo wa redio haukutajwa kwenye karatasi ile, kwa hiyo tuliuweka katika mengineyo.

Nasema tuliuweka kwa sababu tulikuwa watatu. Kakuma aliyenijibu alikuwa konstebo mmoja, Mturkana, aliyeuonja mchezo huo akiwa chuo cha polisi huko ambako watu wa Turkana walikuita Kenya, kana kwamba wao wako nchi nyingine. Aliporudishwa kwao Kakuma hakuwa na redio, na njaa ya mchezo ilimbana. Basi kila Jumatatu, ujumbe wa serikali ukiisha, nilimsimulia. Kaikor alikuwapo sajini mzee wa kutoka milimani, mlokole, mwenye redio yake kubwa ya mbao. Yeye alikuwa ameshasikia kila kitu. Kazi yake ilikuwa kunisahihisha.

"Lodwar, nimekuelewa," konstebo alisema Jumatatu moja, nilipomaliza kueleza jinsi chombo kilivyotua kwenye sayari ya kijani na kuondoka tena. "Lakini huyo nahodha wako ni mjinga. Mahali kuna maji, kuna nyasi, hakuna adui. Yeye anaondoka anaenda wapi? Ova."

"Anaenda nyumbani. Ova."

"Nyumbani si ni mahali kuna nyasi? Ova."

"Kaikor hapa," sajini akaingia. "Karani amesahau kusema nyasi zilikuwa na sumu. Na ninyi wote mmesahau kwamba hao watu hawajaomba hata siku moja tangu wapae. Mimi nimekuwa nikihesabu. Ova."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Sikuwa nimemwona yeyote kati yao. Konstebo nilimchora kichwani kuwa jitu, kwa jinsi sauti yake ilivyojaza spika.

Sasa niseme jambo lililokuwa zito. Konstebo alikuwa na mke, na mke wake alikuwa mjamzito kwa mara ya tatu. Mara mbili za kwanza alizalia Kakuma na mara zote mbili mtoto alikuja amekufa. Daktari wa misheni hapa Lodwar alikuwa amempima alipopita, akasema wazi: wa tatu asizaliwe kule. Njia ya mtoto ni nyembamba, lazima apasuliwe, na kule Kakuma kulikuwa na dresa tu, mfunga vidonda, na sanduku lake la dawa. Ashuke Lodwar mwezi wa mwisho, akae karibu na hospitali, angoje. Barua ya likizo ya konstebo niliipiga chapa mimi mwenyewe. Ilikubaliwa. Alibakiza majuma mawili amlete, na kila asubuhi nilimuuliza, "Mama anaendeleaje? Ova," naye alijibu, "Anatembea. Ova."

Alijibu hivyo nikimuuliza. Asingetaja mwenyewe. Konstebo alikuwa na adabu moja iliyonichosha na kunichekesha: haja yake aliitaja mwisho. Kwanza salamu, kisha mvua, kisha mbuzi, kisha afya yangu, ya mama yangu na ya mkubwa wangu wa kazi. Siku moja alimaliza hayo yote ndipo akasema, polepole, "Halafu karani, kuna watu walikuja jana na bunduki, wamechukua ngamia na wameua mtu. Ova."

Nikamwambia, "Wewe nyumba yako ikiungua utaanza kuniambia habari za mawingu. Kanuni iko hapa ukutani. Hatari kwanza. Ova."

"Karani, ukianza na haja, mtu ataona umemjia kwa sababu ya haja. Ova."

"Si ndiyo maana ya simu? Ova."

"Labda kwenu. Ova."

Kwao, alinieleza baadaye, mgeni anayefika na kusema shida yake kabla hajaketi ni kama aliyeingia na mkuki mkononi. Nilicheka. Nilijua tabia yake hiyo vizuri kuliko mtu mwingine yeyote serikalini. Nataka hilo likumbukwe.

Mwaka ule mchezo ulitoweka. Jumapili moja tu hawakuwapo, bila kwaheri. Saa kumi ikaja na mazungumzo ya kilimo bora, tukafundishwa kupanda kabichi, sisi wa Lodwar. Juma lililofuata kwaya. Miezi ikapita. Sajini alisema huo ni mkono wa Mungu, lakini ndiye aliyeniuliza kila Jumatatu kama nimesikia lolote. Konstebo alisema wamefika mahali penye nyasi wamekaa, wana akili sasa.  Mimi nilikuwa nimenuna kama mtu aliyehamwa na jirani.

Kisha tangazo likatoka: mchezo unarudi, Jumapili ijayo, sehemu mpya.

Jumamosi niliwatangazia wote wawili. Konstebo alisema vizuri sana, kisha akaongeza kwamba betri yake imekaribia kulala. Betri ya kituo chake ilichajiwa kwa jenereta ya misheni ya pale, na jenereta ilikuwa haina mafuta mpaka lori lije. Kusikiliza, alisema, itaweza. Kusema, asiseme sana. Niliandika hayo kwenye daftari la ofisi kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumapili nikajifungia, nikatega sikio. Muziki ukalia ule ule, debe likalia lile lile, halafu nahodha akasema "Tulieni."

Hakuwa yeye. Ilikuwa sauti nyembamba ya mtu mwingine kabisa, kama ya muuza njugu aliyevaa kofia ya nahodha. Wenzake chomboni walimjibu kana kwamba hakuna kilichobadilika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Daktari mwanamke, ambaye angemgundua mwongo gizani, alimwita nahodha bila haya. Na mambo yenyewe sasa: dunia ikaonekana. Baada ya miaka yote ile, ile pale dirishani, duara la buluu. Wakalia, wakakumbatiana. Ndipo muuza njugu akaamuru chombo kigeuzwe. Hatutui, akasema. Muziki.

Sikula jioni ile. Nilizunguka chumba kama kuku aliyeibiwa mayai, nikijibishana na ukuta.

Jumatatu saa mbili kasoro nilikuwa nimeshaketi mbele ya mashine. Konstebo ndiye aliyeingia wa kwanza, hata kabla sijaita. Hilo halikuwa kawaida yake. Ningepaswa kuona.

"Lodwar, ejok. Hamjambo huko? Mvua? Ova."

"Hakuna mvua. Ova."

"Huku mawingu yako upande wa Uganda. Nina ujumbe mmoja, karani. Lakini kwanza, hawa watu wamerudi? Ova."

Angeongeza nini, maskini? Alikuwa amesema ana ujumbe. Alikuwa ameketi, amesalimu, na sasa alinipa mimi nafasi, kama mgeni mwenye adabu anavyompa mwenyeji nafasi ya kusema yake kwanza. Nami nilikuwa na yangu tangu jana. Nikafungua mdomo.

Nilisimulia yote. Sauti mpya, dunia dirishani, chombo kugeuzwa. Nilimwigiza nahodha wa zamani, kisha nikamwigiza wa sasa, puani. Sikuwa nimemaliza sajini akaingia juu yangu.

"Kaikor. Huyo si nahodha. Nimekaa na ile sauti miaka, siwezi kudanganywa. Yule wa kwanza amekufa au ameomba nyongeza ya mshahara, na watu wa redio wanatuona sisi wajinga. Nitawaandikia. Ova."

"Andika na jina langu. Ova."

"Nitaandika jina la kila mtu. Kakuma, nawe unaonaje? Ova."

Na konstebo, ambaye hakupaswa kusema sana, akasema. Alisema kwamba sisi hatujui kusikiliza. Nahodha hakubadilishwa na watu wa redio. Nahodha amekufa humo chomboni wakati ule mchezo ulipokuwa kimya, na yule kiumbe wa debe amevaa sura yake. Ndiyo maana amegeuza chombo: akitua duniani mama wa nahodha atamjua mara moja kwamba si mwanawe. "Mama hawezi kudanganywa na sauti," alisema. Ilikuwa maelezo mazuri kuliko mchezo wenyewe. Nilipiga meza kwa furaha. Sajini alisema hilo ni wazo la kipagani lakini lina maana. Tulimtaka arudie, akarudia, na kila alivyorudia sauti yake ilikuwa inakwenda mbali kidogo.

Katikati ya hayo ndege ikapita juu ya bati. Ilikuwa ndege ndogo ya misheni, ile ya kubeba wagonjwa, iliyolala uwanjani Lodwar tangu Jumamosi kama nilivyovitangazia vituo, inaondoka kwenda kusini. Ilinguruma hata sikusikia maneno mawili matatu. Nikakasirika. Nilisema kwenye simu, nakumbuka, "Ngoja huyu shetani apite. Ova."

Ikapita.

"Haya, karani," konstebo akasema, na sasa ilikuwa kama mtu anayesema kutoka ng'ambo ya mto. "Ule ujumbe wangu. Mama ameanza uchungu tangu alfajiri. Damu iko. Nilikuwa nataka uwaambie hospitali, ile ndege—"

Betri ikalala.

Niliita. Niliita mpaka sajini wa Kaikor akaniambia kwa upole, "Karani, wacha. Nenda." Nikaenda. Bibi arusi alitoka mbio saa tatu asubuhi juani, bila kofia, na watu wa Lodwar walisimama kutazama kioja hicho. Mmoja aliniuliza kama ofisi inaungua.

Daktari alinisikiliza amesimama. Aliuliza ndege imeondoka lini. Nikamwambia. Aliuliza, "Na Kakuma walisema saa ngapi?" Nikasema saa mbili. Alitazama saa yake ya mkononi, akanitazama, hakuuliza la tatu. Ndege haikuwa na simu ambayo sisi tungeifikia. Ingerudi siku ya Alhamisi. Wakatoa Landrova na mkunga mmoja mtawa. Yale mawingu ya upande wa Uganda yalikuwa yamenyesha, na laga, yaani mto wa msimu, lililo kabla ya kufika Kakuma, ambalo siku zote ni mchanga mkavu, lilikuwa limejaa ukingo kwa ukingo. Landrova ililala ng'ambo ya huku. Ilivuka kesho yake alasiri.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa amekufa tangu usiku. Mama yake, mkunga alimwokoa kwa shida, akasema hatazaa tena.

Siku kumi baadaye Kakuma ikasikika. Niliita kwa mazoea tu, na konstebo akajibu.

"Kakuma hapa. Mtoto alizikwa. Mama yuko hai. Betri imechajiwa. Mvua imeisha. Ova."

Alikuwa ameanza na lililo kubwa. Bila salamu, bila mbuzi, sawasawa na karatasi yangu ya ukutani. Nikabonyeza kitufe, nikasema, "Nimepokea. Ova." Kaikor hakuingia.

Nilikaa na jambo hilo mwezi mzima, na kwa mtu wa nyumbani kama mimi nyumba ilianza kuwa ndogo. Mwishowe nilipanda juu ya magunia ya mahindi katika lori la serikali, nikaenda Kakuma kutoa pole. Nilibeba sukari, majani ya chai na tumbaku. Njia nzima nilijifunza maneno ya kusema, nikayapanga kama barua ya serikali: kuhusu, kiini, hitimisho.

Mtu aliyenijia lorini alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye masikio makubwa. Nilimpita nikimtafuta konstebo.

"Karani," akasema nyuma yangu, kwa ile sauti.

Tukatazamana. Akacheka kidogo. "Nilifikiri wewe ni mzee mnene. Kumbe ni mrefu bure, kama mwiko."

"Na wewe nilifikiri ni jitu."

"Watu wote wa simu wanafikiri hivyo."

Halafu hatukuwa na kitu. Tulitembea kwenda kwake, watu wawili walioongea kila siku ya kazi miaka mitatu. Niligundua kwamba ukiondoa mvua na wale watu sita wa angani, sikuwa nimewahi kumwambia jambo lolote. Alijaribu yeye, kwa ukarimu. Aliuliza kama wametua. Nikasema sijui, sijasikiliza. Akasema, "Sawa."

Mkewe alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba, shanga shingoni, mgongo ukutani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Alinipa mkono, akanitengenezea chai ya maziwa, tukanywa. Hakujua Kiswahili, nami baada ya miaka mitatu Turkana nilijua kusalimu tu. Wakati wenzangu walikuwa nje wanajifunza lugha ya watu mimi nilikuwa mkekani nasikiliza kiumbe wa debe.

Niliuliza habari za mvua. Za mbuzi. Za jamaa zake. Konstebo alitafsiri, mke akajibu kwa ufupi, na mimi nikajiona naanza kuzoea adabu yao siku isiyofaa kabisa.

Yeye ndiye aliyevunja. Alimwambia mumewe jambo, macho yake yakiwa kwangu. Konstebo aliweka kikombe chini, akatafsiri.

"Anauliza," akasema, "siku ile mimi nilienda kwenye simu mapema, kabla ya ndege kuondoka. Anauliza Lodwar hamkunisikia?"

Nikajua kwamba konstebo hakuwa amemwambia mkewe yote. Alikuwa amemwambia betri ilikufa, jambo ambalo ni kweli, na akaliacha pale. Nilimtazama usoni nione ananitaka niseme nini. Alikuwa anatazama mchanga kati ya miguu yake.

Basi nikasema. Barua niliyoipanga lorini ilipotea yote, nikasema ovyo ovyo. Nilisema tulimsikia. Nilisema aliniambia ana ujumbe na mimi nikaanza hadithi, hadithi ya bure, ya watu wasiokuwapo. Kanuni ilikuwa mbele ya macho yangu, na betri nilijua haina nguvu, na ndege niliisikia ikipita nikaitukana. Nilisema mumewe hana kosa, alifanya kama mtu mwenye heshima, kosa ni langu mwenye nyumba. Nilisema mengine ambayo siyakumbuki. Nilisema muda mrefu.

Nilipomaliza, mke alimgeukia mumewe, akangoja.

Konstebo alimwambia maneno matatu, labda manne.

Mke akatikisa kichwa polepole, akachukua kikombe changu, akanijazia chai. Niliinywa. Lori liliporudi kunichukua alinisindikiza hadi barabarani, akanishukuru, mumewe akitafsiri, kwa sukari na kwa kuja kutoka mbali.

Sikumuuliza konstebo alimwambia nini siku ile, naye hakuniambia. Tulikuwa na nafasi nyingi za kusema. Jumatatu saa mbili niliita Kakuma. Alijibu kwamba hakuna ujumbe, nikaandika kwenye daftari kwamba hakuna ujumbe, nikaita Kaikor.